Mstari Ulioachwa Wazi

Kabla sijatoka Kasingirima

Ninyi wanakwaya wa hapa mmenisumbua vya kutosha. Tangu nimerudi, kila mmoja ananivuta pembeni kwa wakati wake: Mzee Tito, ulikuwa wapi? Mzee Tito, imekuwaje umeshiriki Meza ya Bwana, wewe uliyekaa benchi la nyuma miaka yote hii? Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana mkikutana mnaviunganisha mnapata habari nisiyoijua hata mimi mwenyewe. Nasikia wengine mnasema nilikuwa na mke wa pili huko ziwani na sasa nimemwacha. Mungu awasamehe. Nimeamua kuandika yote mara moja, tangu mwanzo, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi hizi.

Mnajua mimi ni mtu wa Kagunga. Msichojua ni kwamba kule nilikuwa mzee wa kanisa, tena mwimbaji. Ndiyo, mimi huyu ambaye hapa hamjawahi kunisikia hata nikiitikia. Kagunga iko mpakani kabisa. Ukianza kutembea kwa miguu, kabla jasho halijakutoka vizuri uko Burundi. Kwaya yetu na kwaya ya ng'ambo tulikuwa tunatembeleana, Jumapili hii kwetu, nyingine kwao. Mwalimu wao aliitwa Zakaria. Kirundi chao na Kiha chetu vinaelewana bila mkalimani, na mimi na Zakaria tulielewana kuliko hivyo. Tulitunga wimbo pamoja, tumekaa kwa mama yake, Mama Verediana, tukila ugali wa muhogo na isombe, yaani kisamvu, iliyokolea mawese. Kwaya nzima inauliza, "Nani atatuvusha, maji ni mengi?" Sauti moja nzito inajibu peke yake, "Yupo, namwona, anakuja." Kisha wote wanaitika, "Shika kasia, ndugu, tunafika." Ile sauti moja ilikuwa yangu.

Kanisa letu la Kagunga lina desturi ambayo hapa mjini hamna. Kwa kuwa watu wa mpakani ni wa kutoka na kuingia, mgeni haingii ibadani akakaa tu. Vilevile mtu aliyeanguka akitaka kurudi kundini. Anasimama mlangoni, na mzee wa kanisa anauliza kwa sauti, "Nani anamjua mtu huyu?" Ni lazima mmoja ainuke aseme, "Namjua. Ni wetu." Ndipo anashikwa mkono na kuingizwa. Kama ni aliyeanguka, anayepaswa kumjibia ni yule aliyekosewa naye. Swali hilo nimeliuliza mimi miaka mingi, kwa sauti kubwa, na nikijiona mtu wa maana.

Kisha ukaja ule mwaka watu wa ng'ambo walipokimbia machafuko wakaja kwetu. Ufuko wetu mdogo ulijaa hadi ukakosa pa kuweka mguu. Meli ya kuwachukua wakimbizi kwenda Kigoma ilitia nanga mbali, na mitumbwi ikawa inawapeleka watu kwa zamu. Siku ya tatu nikamwona Zakaria. Alikuwa amembeba mama yake mgongoni, na alikuwa akiniita tangu mbali. Alichotaka ni kidogo tu: siku mbili tatu nyumbani kwangu, mama apate nguvu ya kusafiri.

Siku zile palikuwa na uvumi kwamba Mha asiye na kitambulisho naye anapandishwa melini, kwa sababu sura moja, lugha moja, nani atatofautisha? Kitambulisho changu kilikuwa nyumbani, ndani ya Biblia. Askari aliyekuwa akiwapanga watu akanigeukia. "Mzee, huyu anasema wewe ni mwenyeji wake. Unamjua?"

"Simjui," nikasema.

Mama Verediana akainua kichwa begani kwa mwanawe. "Tito wanje," akasema, yaani Tito wangu. Ndivyo alivyoniita siku zote.

"Mbona bibi anakutaja jina?"

"Akina Tito ni wengi, afande. Simjui." Nilikibana Kiswahili changu kama mtu wa Tabora, lafudhi ya Kiha isisikike.

"Kwa hiyo hawa si watu wako?"

"Nimekwambia simjui mtu huyu!"

Zakaria hakubishana. Alimpandisha mama yake vizuri mgongoni, akaingia majini kuelekea mtumbwini. Hakugeuka.

Jumapili iliyofuata mgeni mmoja alisimama mlangoni mwa kanisa, na ikawa zamu yangu kuuliza nani anamjua. Nikafungua kinywa, swali likagoma kutoka. Mwezi haukuisha nikawa nimehamia hapa Kigoma mjini, Kasingirima, nikasema ni biashara ya dagaa. Hakuna aliyenitenga. Nilijitenga mwenyewe, nikajipa benchi la nyuma.

Basi, juzi juzi mteja wangu anayepeleka dagaa kwenye kambi ya wakimbizi, kule Kasulu, akaniambia wanarudi kwao, mabasi yanaondoka kila wiki. Nikaingiwa na baridi. Zakaria akishavuka, nitampatia wapi? Nitakufa na neno langu la mwisho kwake ni "simjui mtu huyu". Jirani yangu Bi Zuhura, mnamjua, yule wa vitumbua, akaniona nimekaa kibarazani nimeduwaa.

"Jirani," akasema, "mimi si wa dini yako na mambo ya meza zenu siyajui. Lakini kila Jumapili unatoka kanisani kama mtu aliyetoka msibani. Kama kuna mtu umemkosea, nenda kamwombe radhi angali hai. Na urudi na uso mwingine, huo nimeuchoka."

Akanifungia vitumbua na samaki wa kuchoma, mgebuka, akanisindikiza hadi barabarani kama anayenifukuza.

Mwandiga hadi Kasulu, na mkanda uliokatika

Mambo ya vibali vya kuingia kambini nayaruka, hayana ladha. Niliondoka Jumatano, na tulipoipita tu Mwandiga na kuanza kupanda, basi likakohoa, likasimama. Mkanda wa injini umekatika. Dereva akasema dakika kumi. Tulikaa pale kutoka saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, tukisubiri mkanda mwingine kutoka mjini.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hilo mnalijua. Nilizunguka lile basi nikigomba hadi kondakta akawa ananikimbia. Mama mmoja mnene, mwenye madumu yake ya mawese, alikuwa amekaa kwenye majani ananitazama tu. Aliposikia lafudhi yangu akatabasamu. "Baba, na wewe unarudi nyumbani Burundi? Mungu akutangulie."

Nikaruka! "Mimi ni Mtanzania! Mtanzania wa kuzaliwa! Mimi si Mrundi!" Nikatoa na kitambulisho, nikakipunga.

Yule mama akakitazama, akanitazama. "Hata mimi ni Mtanzania," akasema taratibu. "Sasa kelele zote hizo za nini? Nani amekukamata?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Ilikuwa kama amenifunua nguo. Miaka yote hii nilijiambia kwamba siku ile ufukweni niliponyokwa na ulimi, na kumbe mdomo wangu bado uko palepale, unangoja kuguswa tu. Nikakaa chini karibu naye. Akavunja muhogo wa kuchemsha, akanipa nusu kubwa, mimi nikampa vitumbua vya Bi Zuhura, tukala bila kusema mengi.

"Unakwenda kwa nani kambini?" akauliza baadaye.

"Kwa mtu niliyemkana," nikamjibu. Hilo sikuwahi kumwambia binadamu yeyote. Sijui kwa nini lilitoka kwa mtu nisiyemjua hata jina.

Akatafuna kwanza, akameza. "Basi na ule ushibe," akasema. "Safari hiyo haiendwi na njaa."

Kambini, Alhamisi

Nilifika kambini Alhamisi mchana, nikiwa nimelala Kasulu. Nyumba za tofali za udongo zimepangwa mistari na mistari, udongo mwekundu hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Niliuliza kwa Zakaria mwalimu wa kwaya, na kila niliyemuuliza alimjua. Wakanielekeza kwenye kanisa la miti na turubai. "Leo Alhamisi," wakasema, "ni mazoezi. Utamkuta."

Nikakuta kwaya imeshaanza, lakini aliyesimama mbele ni mwanamke. Nikasema nitulie hadi wamalize. Nikakaa kwenye gogo la nyuma, mahali nilipozoea. Pembeni yangu kulikuwa na kasichana ka miaka kama sita, kanaimba kwa nguvu zake zote.

Wakaimba nyimbo mbili za Kirundi. Kisha wakaanza wetu. Wenzangu, nilishika gogo kwa mikono miwili. Sikuwa nimeusikia tangu nitoke Kagunga. "Nani atatuvusha, maji ni mengi?" wakauliza wote, sauti zote nne, na turubai likatetemeka.

Halafu wakanyamaza.

Nilidhani wamesahau. Nilidhani kuna mtu ameharibu. Lakini hakuna aliyetazama pembeni. Wote walisimama midomo imefungwa, na yule mtoto jirani yangu amefumba macho, anahesabu kwa vidole kifuani: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Mapigo manne. Urefu wa mstari wangu kamili. Kisha wakapasuka pamoja, "Shika kasia, ndugu, tunafika!"

Ubeti wa pili, hivyohivyo. Wa tatu, hivyohivyo. Katika ule wa tatu nilifungua mdomo niujaze, na sauti haikutoka. Nilibaki nimeachama kama samaki.

Walipomaliza, yule mwanamke akanijia. Anaitwa Mama Neema. "Shikamoo mzee, karibu."

"Marahaba. Mama, ule wimbo... mbona mnanyamaza pale katikati?"

"Pale tunangoja," akasema, kama jambo la kawaida kabisa.

"Mnangoja nini?"

"Mwalimu hakutuambia. Alitufundisha hivyo tangu tulipofika hapa. Wengine wanasema ni nafasi ya Roho Mtakatifu. Mwinjilisti wetu aliwahi kuhubiri asubuhi nzima juu ya ule ukimya, watu wakatubu wakilia. Hawa watoto waliozaliwa hapa, ukiwaambia wimbo unaimbwa bila kunyamaza, hawakuelewi."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Kumbe kule ambako niliogopa kwenda hata kwa siku moja, woga wangu ulikuwa umegeuzwa kuwa mahali pa watu kutubu! Hofu ikanishika, siyo ile ya askari, hofu nyingine ya mtu aliyekanyaga mahali patakatifu na viatu vyake vichafu.

"Na mwalimu mwenyewe?"

"Ametuaga Jumanne. Mabasi hakuyataka. Alisema atarudi kwao kwa njia ileile aliyojia, ya ziwa. Jumapili anasali Kagunga, Jumatatu anavuka." Akapangusa jasho. "Tulimwambia Kagunga atafuata nini, akasema ana ndugu yake kule, anataka kumuaga."

Ndugu yake. Alikuwa ananitafuta Kagunga nami niko hapa namtafuta kambini!

"Na Mama Verediana? Amekwenda naye?"

"Bibi tulimzika mwaka juzi, baba. Ulimjua?"

Akanisubiri, kisha akauliza kwa upole, "Wewe ni nani kwake mwalimu?"

Hapo ndipo, ndugu zangu, baada ya kusikia wimbo ule, baada ya kusikia ameniita ndugu, nilisema hivi: "Nilikuwa namfahamu kidogo."

Kidogo! Nilipotoka pale nilijitukana hadi Kasulu.

Kibirizi na makochi ya bibi harusi

Ijumaa nilirudi Kigoma bila hata kupitia nyumbani, nikalala kwa mpwa wangu, na Jumamosi asubuhi nilikuwa Kibirizi ufukweni kabla wenye boti hawajaamka vizuri. Boti ya kwenda kaskazini ilikuwapo. Nahodha akasema tunaondoka saa nne.

Saa nne ikafika harusi. Bibi harusi anapelekwa Mwamgongo, na vyombo vyake vyote vinakwenda naye: kitanda, kabati, masufuria, na makochi matatu mekundu bado yamo kwenye nailoni. Wakapanga, wakapangua. Nikamwambia nahodha, "Mimi nina safari ya kufa na kupona, wewe unapakia makochi!" Akanijibu, "Mzee, na hawa safari yao ni ya kupona tu, wote mtafika." Shangazi wa bibi harusi akapanda mwisho kabisa, akakalia kochi kubwa katikati ya boti, miguu ameikunja, mwavuli juu, akaniashiria nikae pembeni yake. Nikakaa. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kusafiri ziwani nimekaa kwenye kochi.

Tuliondoka saa nane. Baada ya Mtanga, milima ya msituni ikasogea hadi majini, hakuna nyumba, hakuna moshi. Maji yale mnayajua, lakini mimi nilikuwa na miaka sijayatazama. Niliyapita siku zote nikitazama dagaa tu. Chini ya boti palikuwa na bluu isiyo na mwisho, na nilifikiri kwamba Mama Verediana aliyaingia maji haya akiwa mgongoni mwa mwanawe, na mimi ndiye niliyepaswa kumshika upande wa pili. Nikalia pale kwenye kochi. Shangazi akadhani ni harusi inanigusa. "Ndivyo ilivyo, baba," akasema, ananipigapiga bega. "Watoto wanaondoka."

Karibu na Mwamgongo injini ikazima. Wakavuta kamba hadi mikono ikachubuka. Tukaingia ufukweni kwa makasia, jua likiwa limezama, na nahodha akasema hadi asubuhi hakuna kitu. Nilimwomba, nikamfokea, nikamwomba tena. Kesho ni Jumapili! Akasema hata angekuwa askofu, injini imekufa.

Watu wa harusi walinibeba kama ndugu. Nilipewa wali, samaki kuhe wa kukaanga, na mahali pa kulala. Nilimwambia Mungu neno moja tu kabla ya kusinzia: nimechelewa kwa makosa yangu, usiniache nichelewe kwa injini.

Kagunga

Injini ilikubali saa mbili na nusu asubuhi. Tulipoikaribia Kagunga jua lilikuwa kali na ufuko hauna mtu, maana wote wako ibadani. Niliruka kabla boti haijagusa mchanga, nikalowa hadi kiunoni. Viatu nikavisahau botini, na mpaka leo sijavipata.

Nikiwa bado majini nikausikia. "Nani atatuvusha, maji ni mengi?"

Na ukimya. Mapigo manne, na mawimbi madogo yakipiga mchanga.

Nikatoka mbio. Ubeti wa pili wakauliza tena, nami sasa niko nyuma ya kanisa, napumua kama mtu aliyefukuzwa. Wakanyamaza. Nikafungua mdomo, na sauti ikatoka. Ndugu zangu, ilitoka mbaya! Kavu, imepasuka, nje ya ufunguo, tena nimechelewa. Nilianza "Yupo" wenzangu wakiwa wameshaingia "Shika kasia". Wimbo wote ukavurugika. Nikasikia sauti moja moja zikidondoka hadi kanisa zima likawa kimya.

Nikazunguka, nikasimama mlangoni. Sikuvuka kizingiti. Nimelowa, miguu peku, suruali imejaa mchanga.

Zakaria alikuwa mbele, mkono bado uko juu kama alivyokuwa akiongoza. Kichwa chake kimekuwa cheupe chote. Tulitazamana.

Mzee wa kanisa wa sasa ni kijana aliyehamia, hanijui. Akafanya kazi yake vizuri, akasimama na kuuliza kwa sauti, "Nani anamjua mtu huyu?"

Wazee wenzangu wa zamani walianza kuinuka kwenye mabenchi, nyuso zinacheka. Nikainua mkono. "Msinijibie," nikasema. "Nisikieni kwanza. Mwaka ule watu walipojaa ufukweni, ndugu yangu huyu alikuja kwangu amembeba mama yake. Niliulizwa swali hilihili. Nikasema simjui, mara tatu, na mama yake akiniita kwa jina. Niliogopa wasinipakie naye. Nilikuwa mzee wenu, na Jumapili iliyofuata nilikuja nikakaa pale mbele. Basi."

Waliokuwa wameinuka waliketi polepole. Yule kijana alinitazama, akatazama mabenchi, hakujua afanye nini zaidi ya desturi. Akauliza mara ya pili, safari hii kwa sauti ya chini, "Nani anamjua mtu huyu?"

Nilitazama sakafu. Nilikuwa nimeuliza swali lile mara nyingi sana maishani, na sikuwahi kujua kwamba ukiwa upande huu wa mlango kusubiri jibu kunakausha mate.

"Namjua."

Zakaria alikuwa anakuja katikati ya mabenchi. Hakuharakisha. "Namjua tangu ujana wetu. Namjua akiimba na namjua akiogopa. Ni wetu." Akafika, akanishika mkono. Akanivusha kizingiti. Nilipiga magoti palepale ndani ya mlango, naye akapiga magoti nami, wazee wawili sakafuni, na kanisa zima likanyoosha mikono juu yetu na kuomba kwa sauti moja.

Sina maneno ya kuwaeleza. Nilikuwa nimehubiriwa msamaha maisha yangu yote. Nilikuwa nimeuhubiri. Lakini siku ile ulikuwa na mkono, na mkono ule ulikuwa umenishika. Nikasema ndani yangu, kumbe ni kweli.

Zakaria akanisogelea sikioni. "Umechelewa kuingia," akanong'ona, "na umeharibu wimbo. Simama tuurudie."

Tukaurudia.

Mchana tulikaa ufukweni, dada mmoja wa kanisa akatuchomea migebuka. Ndipo nikamuuliza habari ya mapigo manne.

"Sikutaka mimi," akasema, anatoa miiba. "Nisikudanganye, Tito. Mimi nilikuwa na hasira, ilinichukua miaka miwili kukusamehe. Tulipoanza kwaya kambini nilisema mstari wako nampa mtu mwingine. Mama akakataa. Akasema, 'Nilimwona macho. Aliogopa tu. Mtu akiogopa, hapewi mwingine kiti chake.' Alikusamehe kabla mtumbwi haujafika melini. Basi tukauacha wazi. Kila Alhamisi alikuja mazoezini, anakaa kwenye gogo la nyuma, anausikiliza ule ukimya. Tukimaliza ananiambia, 'Leo Tito ameimba vizuri.'"

Kipande cha samaki kilinibaki mkononi. Lile gogo la nyuma. Nilikuwa nimekaa mahali pake.

"Hadi alipokufa?" nikauliza.

"Alhamisi ya mwisho alisema umeimba vizuri kuliko siku zote."

Mpakani

Jumatatu asubuhi nilimbebea mzigo wake. Haukuwa mzito: sufuria, daftari la nyimbo, blanketi, na kitenge cha mama yake amekikunja juu kabisa. Njia inapita kwenye mihogo na michikichi, inashuka hadi kijito ambacho ng'ambo yake ni kwao. Tulikwenda polepole kwa makusudi.

Karibu na kijito kuna benchi, na askari wetu kijana amekaa na daftari lake. Nilipoona zile sare, mkono ulikwenda wenyewe kwenye kitambulisho. Niwe mkweli. Msamaha nilikuwa nao mfukoni tangu jana, na bado niliogopa.

Akamtazama Zakaria, akautazama mzigo kichwani kwangu. "Mzee, na huyu ni nani? Unamjua?"

"Namjua," nikasema. "Namjua! Anaitwa Zakaria, ni mwalimu wa kwaya, ni ndugu yangu. Mama yake alikuwa Mama Verediana, nimekula kwao tangu ujana, nimelala kwao. Ni mtu wangu. Akija tena, aje kwangu, uandike hivyo. Namjua mtu huyu!"

Michikichi yote ilinisikia. Kijana akaweka kalamu chini, akanishangaa.

"Nimekusikia, mzee," akasema. "Lakini mimi nimeuliza mara moja tu."

Zakaria alicheka hadi akakaa kwenye benchi la askari. Kisha akakunja suruali, akapokea mzigo wake, akaingia kijitoni. Alipotokeza upande wa pili akageuka, akauliza kwa kuimba, "Nani atatuvusha, maji ni mengi?" akanyamaza, akainua mkono kuniongoza. Sikuchelewa kuingia.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Alhamisi nitakapokuja mazoezini kwenu tujifunze wimbo huu, mstari ule nitauimba mimi, msigombanie. Lakini ubeti wa mwisho sitaimba. Tutanyamaza mapigo manne, na ninyi mhesabu vizuri kwa vidole, maana hapo anayeimba ni Mama Verediana.